MAFUTA, DEREVA NA MWENYE GARI

Nchi yetu haina kisima cha mafuta. Kila lita inayochomwa Geita, Katoro au Kahama imenunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na ile ishushwayo Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 1,000 ndipo ifike Shinyanga. Ndiyo sababu bei kikomo ambazo EWURA huzitangaza kila mwezi huwa za juu zaidi kwetu kuliko kule pwani. Dhahabu yachimbwa hapa kuleta fedha za kigeni. Mafuta yazirudisha zilikotoka.

Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, Serikali ilitenga shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali ya mwezi wa Juni. Mfanyakazi wa Mwadui au Bulyanhulu hana uwezo wa kuzuia vita vya mbali. Lakini yako mafuta yapoteayo papa hapa, machoni petu, na hayo twaweza kuyasemea.

Kwanza mwendo. Gari likitoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa likafika 100, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Mizigo iliyofungwa juu ya paa huzidisha hasara hiyo. Dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu ili afunge breki hatua chache mbele, kwenye tuta, ameyageuza mafuta yake kuwa moto wa breki tu.

Iko pia imani ya kuteremka mlima gia ikiwa imetolewa. Kwa magari ya kabureta ilikuwa na maana kidogo. Katika injini nyingi za siku hizi, mguu ukiondolewa huku gia ingali ndani, mafuta hukatwa kabisa. Gia ikitolewa, injini huendelea kunywa ili isizimike. Tena breki huachwa peke yake kulizuia gari lililojaa watu!

Hali kadhalika injini ziachwazo zikinguruma bure. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi wa Juni 2025, foleni ya kivuko ilikuwa kisingizio. Kisingizio hicho kimekwisha, ila vituoni ngurumo ni ile ile. Injini ya gari dogo iliyosimama hunywa nusu lita au zaidi kwa saa.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaomtupia dereva lawama yote. Tutazame mchomoko uendao Katoro. Mara nyingi dereva si mwenye gari. Kila jioni hupeleka hesabu iliyopangwa, na mafuta huyanunua mwenyewe kutoka katika kile kinachobaki. Tairi zikikosa upepo wa kutosha gari huwa zito kusukumwa. Breki zikikamata, au plagi zikichakaa, mafuta huongezeka. Nani alipa? Dereva. Nani mwenye fedha ya matengenezo? Mwenye gari, ambaye hesabu yake haipungui hata senti moja gari likila mafuta kupita kiasi. Basi huahirisha sevisi mwezi hata mwezi, na dereva, ili kufidia, hujaza abiria kupita kiasi na kukimbia. Uzito na mwendo humla tena mafuta. Hapo mwenye gari husema: madereva wa siku hizi hawajui kutunza gari.

Upepo hupimwa tairi zikiwa baridi, asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari. Kazi hiyo ni ya dereva, nayo haina gharama kubwa. Oili, plagi, breki na chujio la hewa, ambalo vumbi la kiangazi cha Shinyanga huliziba upesi, ni deni la mwenye gari. Twataka mambo hayo yaandikwe katika mapatano ya hesabu kabla ya funguo kukabidhiwa, pamoja na siku ya sevisi. Na siku hiyo gari likiwa kwa fundi, hesabu isidaiwe.