Siililii Bustani ya Glen Echo

Wapo Wamarekani waililiao bustani ya starehe ya Glen Echo, karibu na Washington. Mimi siililii. Kampuni ya tramu iliistawisha ili magari yake yapate abiria siku za mapumziko. Huo ni werevu wa biashara. Lakini mtu mweusi alizuiwa mlangoni. Tramu zilikoma mwaka 1960, na mwaka huo huo wanafunzi weusi walipanda farasi wa mbao wa bembea, watano wakakamatwa. Mlango ulifunguliwa kwa wote 1961. Bustani ikafungwa 1968. Bembea ile ya 1921 ingali ikizunguka, na kila mtoto hupanda. Hiyo ndiyo starehe. Ya kwanza ilikuwa dhuluma iliyopigiwa muziki.