Violoni moja, zamu kwa zamu

Kila mwaka wa masomo ukianza mnatuuliza: mtoto anayependa muziki, tumwache, au tumkemee arudi kwa hesabu? Juma hili tunawajibu kwa habari ya Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa.

Ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Alikuwa rubani wa ndege, kazi ikapotea. Akakusanya watu wa kanisa lake, wengi wao hawajawahi kushika violoni. Vyombo vilikuwa vichache kuliko mikono. Basi violoni ikazunguka kama likelemba: huyu anapiga dakika zake, anampa mwenzake, kisha anakaa kutazama vidole vya mwingine. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Hakuna mradi uliowatangulia na magari!

Mwaka 2010 filamu Kinshasa Symphony iliwaonyesha wakifanya mazoezi ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven, kwaya ikiimba kwa Kijerumani. Ndani yake kuna mama anayeamka kabla ya mapambazuko kwenda sokoni kuuza mayai ya kukaanga. Jioni anashika selo, ile violoni kubwa inayopigwa mtu ameketi. Mama wa soko la Butembo atamtambua mara moja, kwa uchovu wake kwanza.

Kuhusu hesabu, sisi walimu hatuna wasiwasi. Mtoto anayegawanya noti moja mara mbili, mara nne, mara nane, amekwisha kuonja sehemu ambazo darasani zinamtoa jasho. Wasiwasi wetu ni msichana. Kaka akishika gitaa, tunasema ana kipaji. Dada akilishika, tunamtuma maji.

Tena, hapa kwetu, na zaidi Beni, hakuna mzazi atakayeruhusu mtoto atoke jioni kwa mazoezi. Afadhali Jumamosi mchana, kanisani au shuleni, na kila mtoto awe nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Kwaya tunazo tayari. Mwombeni kiongozi wa kwaya awaachie watoto gitaa saa moja, kila mmoja na zamu yake.

Kikundi kikitaka kununua gitaa lake kwa likelemba, kiandike kwanza katika daftari litalala kwa nani, na nani atalipa uzi ukikatika.