Kamio yetu ao kamio ya kukodi? Tuhesabu safari kwanza



Kila mwaka mavuno yakikaribia, neno moja linarudi katika mikutano mikuu: "Tununue kamio yetu!" Watu wanapiga makofi. Hasira iko na sababu. Wenye kamio wanapandisha bei wakati wa mavuno, wanachelewa, na mvua ikinyesha wengine wanakataa kabisa kufika kijijini. Lakini mawazo yangu ni haya: koperative nyingi ndogo za Kivu zitapoteza feza zikinunua kamio leo. Afazali kukodi, lakini kwa mapatano ya kuandikwa, si kukodi kwa mbio.

Tuhesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano tu. Kila komite iweke zake. Koperative iko na tani 60 za maharagi kwa msimu A, na zingine 60 kwa msimu B. Fuso inayobeba tani 7 itafanya safari 9 kwa msimu, ni kusema 18 kwa mwaka. Kama kila safari inakula siku 3, kamio itatumika siku 54. Siku 311 zinazobaki imesimama tu. Lakini shofere anangojea mshahara, mlinzi naye, asiranse inalipwa, na mipira inazeeka kwenye jua.

Tuseme kamio iliyokwisha kutumika inauzwa dolare 25,000 na itadumu miaka 5. Ni dolare 5,000 kwa mwaka. Shofere, kwa dolare 150 kila mwezi: 1,800. Mlinzi, asiranse, takse, mipira na garaje: 3,200. Jumla 10,000, mbele ya kununua hata litre moja ya mazuti. Mazuti na bariere zikikula 150 kwa safari, tunaongeza 2,700. Tumefika 12,700. Kukodi kwa dolare 500 kila safari, mazuti, bariere na shofere ndani, ni 9,000. Kwa bei hizi, kamio yetu inaanza kutuletea faida kuanzia safari ya 29 ndani ya mwaka. Sisi tuko na 18.

Wengine watasema: "Siku zingine itabebea watu wengine." Inaweza. Lakini hapo tumeingia katika kazi ingine, ya kutafuta wateja Butembo ao Bukavu, pamoja na watu waliozoea kazi ile tangu zamani. Na siku mteja analipa vizuri, maharagi ya nani yatangoja?

Na kama mfazili anatupatia bure? Kamio ya zawadi inakunywa mazuti sawasawa na ya kununua. Motere ikikufa mwaka wa nne, mradi umekwisha, na mfazili hayuko tena.

Tukumbuke pia sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo Congo inaifuata tangu 2012. Inaomba tuweke akiba mbele ya kugawana faida. Akiba ile ni ya kutuokoa wakati wa shida. Kuimeza yote katika kamio moja, kwa barabara zetu hizi, ni hatari.

Mimi si adui wa kamio. Koperative ya kahawa inayokusanya matunda mabivu kila siku iko na hesabu ingine, kwa sababu kahawa mbivu inapaswa kumenywa siku ile ile, ikilala, inaharibika. Hapo gari la koperative linaweza kuwa lazima. Lakini maharagi makavu, yakiwa katika depo nzuri, yanaweza kungoja kamio wiki mbili.

Sasa, namna ya kukodi vizuri:

- Fanyeni mapatano mbele ya mavuno, bei moja kwa msimu wote.
- Ungana na koperative za jirani. Mwenye kamio anasikiliza safari 40 kuliko safari 9.
- Andikeni nani analipa bariere na peaji, nani analipa kama kamio inakwama katika matope, na kuchelewa siku ngapi kunapunguza bei.
- Lipeni nusu wakati wa kupakia, nusu magunia yakihesabiwa na kupimwa kule yanakofika.
- Memba mmoja asindikize mzigo, na kila safari iandikwe katika kitabu: siku, kilo, feza.

Kitabu kile njo kitatuambia siku ya kununua imefika. Katika mkutano mkuu unaokuja, mbele ya kupiga makofi, mtu mmoja asimame aulize komite: "Mwaka uliopita tulifanya safari ngapi?" Kama hakuna anayeweza kujibu, hatuko tayari kununua hata mupira mmoja.