Mfereji au Lango? Istilahi na Kalsiamu ya Mmea

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Katika uundaji wa istilahi za sayansi, kosa huzuka pale mtafsiri anapolihamisha neno la kigeni kabla ya kukichunguza kitu chenyewe. Mfano mwafaka ni njia ambazo kwazo kalsiamu hupenya utando wa seli ya mmea. Mwenye kuifuata kamusi ataziita mifereji. Je, mfereji hujifunga?

Nje ya utando kalsiamu ni tele. Ndani, katika saitoplazimu, kalsiamu iliyo huru ni haba mno, takriban mara 10,000 chini ya ile ya nje. Lau pangekuwepo mfereji ulio wazi daima, kalsiamu ingefurika na seli ingekufa. Kwa hiyo njia hizo ni protini zinazofunguka kwa ishara maalumu: baadhi kwa badiliko la umeme wa utando, nyingine kwa kemikali kama glutameti, nyingine kwa kutanuliwa kwa utando wenyewe. Hufunguka kitambo kidogo, kalsiamu ikaingia na kuwa ujumbe. Kisha pampu huitoa kwa gharama ya nishati.

Ukame ukizidi, homoni iitwayo asidi absisiki huchochea ujumbe huo katika seli zinazolinda vitundu vya jani. Vitundu hufumba na maji huhifadhika. Mnamo 2018, watafiti wa Japani na Marekani walionyesha kwamba jani likitafunwa na kiwavi, glutameti huamsha wimbi la kalsiamu linaloyafikia majani ya mbali kwa dakika chache.

Watetezi wa ‘mfereji’ watasema kwamba nchini Kenya neno hilo hutaja pia bomba lenye kufungwa na kufunguliwa. Hoja hiyo ina uzito, ila bomba hungoja mkono wowote, ilhali lango hungoja abishaye hodi kwa ishara inayojulikana. ‘Lango la kalsiamu’ ndiyo istilahi inayofaa.

Suala hili si mzaha wa maneno. Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza katika shule za upili za Kenya, na kila istilahi inayopotosha huwapa silaha wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuketi na mwenzake wa botania, aulize kitu kinafanya nini, ndipo akipe jina.