Usimnunulie mama ng'ombe kabla ya nyasi

Mwezi wa Desemba ukifika, barabara za kuelekea mashambani hujaa watoto wanaokwenda kuwaona wazazi. Yupo anayebeba blanketi, yupo anayebeba sukari na mafuta ya kupikia. Na wapo ndugu ambao huchanga pesa mwaka mzima ili wamnunulie mama ng'ombe wa gredi.

Ni zawadi nzuri. Mama atakunywa chai ya maziwa asiyoyanunua, atauza yanayobaki, na hatalazimika kupiga simu kila mwisho wa mwezi kuomba pesa za matumizi. Ndivyo hesabu inavyoonekana ukiwa umeketi Umoja au Kangemi.

Hata hivyo, kabla hamjatoa hata shilingi moja, hebu ketini tuhesabu pamoja. Ng'ombe wa gredi si blanketi. Ukimpa mama ng'ombe, umempa na kazi ya asubuhi na jioni, Jumapili na Krismasi, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Swali ambalo ndugu wengi husahau kuulizana katika mchango ni hili: kazi hiyo ataifanya nani?

Tuanze na tumbo. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzani wa kilo 400 hivi hula takribani kilo 60 hadi 70 za majani mabichi ya nepia kwa siku. Hiyo ni mizigo miwili mizito au mitatu ya kichwani. Majani hayo hukatwa kwa panga, hufungwa, hubebwa hadi zizini, kisha hukatwakatwa vipande vidogo ili asichague mashina na kuyaacha.

Halafu kuna maji. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji, kiasi cha asilimia 87. Ng'ombe asiyekunywa hatoi kitu. Anayekamwa vizuri huhitaji kati ya lita 60 na 100 kwa siku, kulingana na joto na wingi wa maziwa yake. Tuseme lita 80. Hiyo ni mitungi minne ya lita 20, mbali na maji ya kupikia, kufua na kuosha vyombo vya kukamia.

Sasa chukua mfano wa mama wa miaka 65 anayeishi peke yake mlimani Murang'a, mto ukiwa chini bondeni. Mizigo mitatu ya majani, mitungi minne ya maji, kila siku. Je, hiyo ni zawadi au ni adhabu?

Huenda ukasema, mbona nyanya zetu walifuga bila taabu hii yote? Jibu ni kwamba walifuga ng'ombe wa aina nyingine. Zebu, yule mwenye nundu, hutoka asubuhi kujitafutia malisho, huvumilia jua na kiu, na ana kinga kiasi dhidi ya magonjwa ya kwetu. Maziwa yake ni machache, lakini naye hadai mengi.

Ng'ombe wa gredi ana asili ya mbali. Friesian chimbuko lake ni Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, Ayrshire ni wa Scotland, nao Jersey na Guernsey walitoka visiwa vilivyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Wakati wa ukoloni, ufugaji huu ulikuwa mikononi mwa walowezi. Ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ambapo mkulima Mwafrika alifunguliwa njia ya kufuga wanyama hawa kwa wingi.

Baadaye mashamba yaligawanywa kwa watoto na wajukuu hadi malisho yakaisha. Kuanzia mwaka 1980, serikali ya Kenya ikisaidiwa na ile ya Uholanzi iliendesha mradi wa kuwafundisha wakulima wadogo kumlisha ng'ombe zizini badala ya kumtoa nje. Ufugaji huo umesomesha watoto wengi wa Kiambu, Nyeri na Kisii. Lakini tazama kilichobadilika: zamani ng'ombe alitembea kuyafuata majani, sasa mtu ndiye anayetembea kwa niaba yake.

Ndiyo maana nasema nyasi zitangulie. Ng'ombe mmoja huhitaji karibu ekari moja ya nepia iliyotunzwa vizuri na kuwekwa samadi, ikikatwa ikifika urefu wa mita moja hivi. Ikiachwa izidi kukomaa, huwa ni vijiti tu. Nepia pekee haitoshi, kwani haina protini ya kutosha. Wakulima wa Embu walipanda miti midogo ya kaliandra kwenye kingo za shamba, na ilidhihirika kwamba kilo 3 za majani yake mabichi hufanya kazi ya kilo moja ya unga wa ng'ombe wa dukani. Miti 500 hivi humtosha ng'ombe mmoja, na haihitaji shamba lake pekee.

Ukija kwenye zizi, usidanganywe na mabati yanayong'aa. Ng'ombe hutaka mahali pakavu pa kulala, takribani futi 7 kwa 4, sakafu yenye mteremko ili mkojo utiririke, na kihori cha maji kisichokauka. Anapolala, ndipo anapocheua na kutengeneza maziwa. Anayesimama kwenye tope usiku kucha hupata ugonjwa wa kwato na wa kiwele, na faida yote huishia kwa daktari.

Tukitaja daktari, tumtaje na adui mkubwa: kupe. Kupe wa hudhurungi anayependa masikio ya ng'ombe ndiye aenezaye ndigana kali. Dalili za kwanza ni homa na kuvimba kwa tezi iliyo chini ya sikio. Baadaye mnyama hukohoa, hupumua kwa shida na povu kumtoka puani. Ndama wa gredi asiyetibiwa mapema anaweza kufa katika wiki chache tu. Dawa ipo, lakini ni ghali, na mara nyingi haimwokoi aliyechelewa.

Zamani kulikuwa na majosho ya serikali karibu kila lokesheni. Gharama zilipohamishiwa kwa wafugaji katika miaka ya 1980 na 1990, mengi yalikauka. Sasa kila boma hujinyunyizia lenyewe kwa bomba la mgongoni, na hapo ndipo wengi hukosea: dawa huongezwa maji ili itoshe, kupe hawafi, na huzidi kuizoea.

Kuna habari njema ambayo wengi mjini hawajaisikia. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa utafiti waliokuwa Muguga, Kiambu, walitengeneza chanjo ya ndigana kali. Ng'ombe hudungwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hudungwa dawa ya kuvidhibiti. Huugua kidogo, hupona, na kinga hubaki naye kwa miaka mingi. Ndama anaweza kuchanjwa tangu akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Muulize daktari wa mifugo wa eneo lenu. Lakini usitupe lile bomba, kwa sababu kupe hubeba magonjwa mengine pia, kama vile ndigana baridi.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Wengi huichukua kauli hiyo kuwa ni bahati mbaya tu, lakini zizini ina maelezo yake. Ng'ombe huhitaji dume kila baada ya siku 21 hivi, na hali hiyo hudumu saa chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Hulia ovyo, hupanda wenzake, hutokwa na ute mwangavu, na maziwa hupungua. Akionekana asubuhi, hupandishwa jioni. Akionekana jioni, hupandishwa kesho yake asubuhi. Siku hiyo ikipita bila mtu kuona, mmepoteza wiki tatu za chakula.

Katika boma lenye ng'ombe mmoja, hakuna mwenzake wa kupanda. Kwa hivyo jicho la mtu ndilo kila kitu. Mama akiwa amekwenda mazishini au kliniki, na kijana wa kazi hajui dalili, mwezi hupita, kisha mwingine. Mwaka ukiisha mnaambiwa ng'ombe ni tasa, auzwe kwa mchinjaji. Pengine hakuwa tasa, ila hakuwa na mtu wa kumtazama.

Akishika mimba, hubeba kwa miezi tisa na siku kidogo. Miezi miwili ya mwisho huachwa bila kukamwa ili apumzike na ndama apate nguvu. Hapo tena ninyi wa mjini mnahitajika, kwa maana katika miezi hiyo hakuna pesa za maziwa, na ng'ombe angali anakula.

Ndama huzaliwa bila kinga mwilini. Kinga yake yote iko katika dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano. Anapaswa kunywa lita 2 au zaidi katika saa 6 za kwanza, kwa maana baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo. Maziwa ya siku tano za kwanza si ya sokoni. Ni ya ndama.

Na kuna jambo linalokuhusu wewe uliye mjini moja kwa moja, hata kama huna ng'ombe. Kiwele kikiugua, hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, na dawa hizo huingia katika maziwa. Kila dawa huandikwa muda wa kusubiri kabla ya kuuza, na kwa nyingi ni siku tatu au zaidi. Mfugaji aliyebanwa na karo hushawishika kuyapeleka sokoni. Yakifika kwako, mtoto wako hunywa dawa asiyoandikiwa na daktari, na kuyachemsha hakuiondoi yote. Chemsha hata hivyo, kwani moto huua viini vya magonjwa kama kifua kikuu cha ng'ombe.

Mtoto wa mjini akijua haya, ataacha kumdharau mfugaji anayemwaga ndoo nzima. Huyo mfugaji anamlinda yeye.

Sasa basi, je, tuache kuwanunulia wazazi ng'ombe? La hasha. Ila tugeuze utaratibu. Mwaka wa kwanza, mchango ununue vipando vya nepia, miche ya kaliandra na tangi la kukinga maji ya mvua. Kisha jengeni zizi. Kisha tafuteni mtu wa kusaidia, na mkubaliane ni nani kati yenu atakayetuma mshahara wake kila mwezi kwa simu. Mkiona mshahara huo ni mzigo kwenu watu watano, kumbukeni mlitaka kumtwika mama mmoja kazi yenyewe.

Mkifika hapo, nunueni mtamba mwenye mimba kutoka boma mnalolijua, baada ya kuuliza kumbukumbu za mamake. Msitishwe na ukubwa wa Friesian. Jersey ni mdogo, hula kidogo, na maziwa yake yana mafuta mengi zaidi. Kwa mama mzee mwenye shamba dogo, huyo huenda akafaa zaidi.

Tena kubalianeni mapema kuhusu pesa za maziwa. Katika maboma mengi, maziwa ya asubuhi huenda kwenye chama cha ushirika na malipo huingia katika akaunti ya mwanamume. Mama hubaki na ya jioni. Kama kitinda mimba aliye nyumbani, au mjomba, ndiye atakayepokea malipo huku mama akikata majani, basi zawadi yenu haikumfikia mliyemkusudia. Akaunti iwe kwa jina lake.

Nanyi wanafunzi, likizo ikija msikae kutazama simu tu. Nunua daftari la kurasa 48, uandike tarehe ng'ombe alipohitaji dume, alipopandishwa, alipopewa dawa, na lita za kila siku. Daftari hilo lining'inie zizini. Daktari akija usiku, litamwambia mengi kuliko maelezo ya mtu aliyeshtuka.

Mkimaliza hesabu hii, huenda mkaona kwamba mama anahitaji kuku 20, au mbuzi wawili wa maziwa, au afadhali tu pakiti za maziwa dukani mkilipia kila mwezi. Hakuna aibu. Mpigieni simu, mumuulize anataka nini na ana nguvu kiasi gani, kisha mumsikilize hadi amalize. Wazazi wengi hawakatai zawadi ya watoto wao hata inapowaumiza mgongo.