Bonasi ya Majani Chai: Vile Dola na Vita ya Sudan Zinaingia Mfuko wa Mathe Wako

Msee wa Ayany, kabla umalize hiyo chai na KDF pale kibandaski, skiza hii. Kama uko na shosho Kericho, Bomet, Kisii ama Nyamira, inakuhusu. Oktoba 2025 simu za shagz zilikuwa kilio tu. Bonasi ilishuka, wakulima wakaandamana.

Mi najua hiyo simu. Fee yangu ya college ilikuwa inangoja bonasi. Mwaka moja ikakuja kidogo, nikarudi mtaa. Tangu hapo huwa najiuliza: nani hushusha?

Ya kwanza ni dola. Majani yetu huuzwa kwa mnada Mombasa, na bei huitwa kwa dola. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu bob 160. Kufika katikati ya mwaka, ikashuka hadi karibu 129. Piga hesabu: kilo ya dola 2.43 ilikuwa inaleta bob 389. Kilo hiyo hiyo, bei hiyo hiyo, sasa inaleta 313. Bob 75 na kitu zimeenda na hakuna mtu ameingiza mkono mfukoni. Wewe ulishangilia shilingi kupata nguvu, mathe akaumia.

Ya pili ni wateja. Hakuna nchi inauza chai nyeusi nje kutushinda, lakini Pakistan pekee ndio inabeba mzigo mkubwa zaidi. Ikikosa dola, kama 2023, sisi ndio tunakaa na majani. Halafu kuna siasa. Februari 2025 RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, ilikutana na washirika wake KICC. Machi, Sudan, mteja wetu mwingine, ikapiga marufuku bidhaa za Kenya. Mkulima wa Nyamira hakualikwa kwa hiyo mkutano, lakini hasara ilimfikia.

Ya tatu ni wingi na ubora. 2024 Kenya ilitoa karibu kilo milioni 600. Mnada ukijaa, bei inalala. Na chai ya upande wa Mlima Kenya kwa kawaida hupata bei poa kuliko ya magharibi ya Bonde la Ufa, ndio maana bonasi hazifanani.

Walijaribu kulazimisha bei. 2021 chai ya KTDA iliwekewa kiwango cha chini, dola 2.43. Wanunuzi wakaruka majani mengi, yakajaa kwa stoo.

Sisemi hakuna wakora njiani. Nasema hata bila wakora, bado tunauza majani mengi kwa magunia, yanachanganywa na kupakiwa ng'ambo kwa boksi ya jina la mtu mwingine. Pesa kubwa iko kwa hiyo boksi. Mpaka tuipakie sisi, na tupate wateja wa kutosha, bonasi ya mathe itaendelea kupangwa na watu hawajawahi kanyaga shamba yake.

Sasa maliza chai, na umpigie mathe.