Mradi Ulioshindwa Nao ni Urithi

Reli ya Jimbo la Kusini, katika Tanzania ya leo, ilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusomba karanga kutoka Nachingwea hadi pwani. Kipande cha kwanza, kilichoanzia Mkwaya karibu na Lindi, kilianza kazi mwaka 1949. Baadaye njia ilifikishwa Mtwara kwenye bandari mpya ya kina kirefu, na tawi likaenda Masasi. Mwaka 1962 reli ilifungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Tangu hapo imeenea imani kwamba habari za reli hiyo zimekwisha. Wenye imani hiyo wana hoja tatu: reli ilikuwa ya mkoloni, ilishindwa, na haikuacha kitu cha kuhifadhi. Hitimisho lao hufungwa kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hoja zote tatu ni dhaifu, na methali yenyewe imetumiwa pasipo pake. Inafaa kwa majirani waliogombana. Haifai kwa hesabu za fedha na ardhi ya umma, kwa sababu hakuna mganga anayeganga ugonjwa ambao hakuuliza chanzo chake.

Hoja ya kwanza inasema mambo ya mkoloni si ya Wamakonde, Wamakua wala Wamwera. Ni kweli kwamba Mradi wa Karanga, uliozaa reli hiyo, ulibuniwa Uingereza. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipeleka wazo lake mwaka 1946. Ujumbe wa John Wakefield ulikagua Afrika Mashariki kwa wiki tisa tu, na mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikaidhinisha zaidi ya ekari milioni tatu kwa makisio ya pauni milioni 25. Lakini waliofyeka misitu, kumwaga tuta na kulaza mataruma walikuwa watu wa nchi hii. Mji wa Mtwara haungekuwa kama ulivyo bila mradi huo. Kabla yake, mji mkubwa wa eneo hilo ulikuwa Mikindani. Zaidi ya hayo, Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, likakarabatiwa kwa msaada wa shirika la Trade Aid, na leo ni hoteli inayosifiwa kama urithi. Anayelikubali boma la mtawala na kuikataa reli iliyojengwa kwa jasho la vibarua hawezi kusema kuwa anapinga ukoloni. Anachagua tu majengo yanayopendeza machoni.

Hoja ya pili ni ya aibu ya kushindwa. Mradi ulifutwa Januari 1951, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya shehena iliyojengewa kufutwa. Reli iliyotegemea zao moja ilibaki bila mzigo wa kutosha, ikaendeshwa kwa hasara hadi Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipoifunga. Hapo ndipo simulizi ya kawaida huishia, na ndipo inapopotosha. Baada ya 1962 kilimo cha korosho kusini kilipanuka sana, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, kiwango ambacho hakikufikiwa tena kwa miongo mingi. Mzigo ulikuja reli ikiwa imekwishaondoka. Korosho zilisafirishwa kwa malori katika ukanda ambao hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji uliutenga na Dar es Salaam nyakati za mvua. Je, korosho zingeiokoa reli? Swali hilo ni halali, na haliwezi hata kuulizwa na watu waliofundishwa kwamba reli ilikuwa upuuzi tangu mwanzo hadi mwisho.

Mabaki ya mradi hayakukaa bure pia. Kongwa, eneo la kwanza la karanga, ilipokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kuanzia mwaka 1964. Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambako Samora Machel aliongoza wapiganaji. Tanzania inazienzi kambi hizo kama urithi wa ukombozi. Kueleza habari za kambi bila kueleza ardhi hiyo ilifyekwa na nani, na kwa nini, ni kuanza kitabu katikati.

Hoja ya tatu inasema hakuna kilichobaki. Inachanganya chuma na kumbukumbu. Kata moja ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani bado inaitwa Reli. Bandari ipo na imepanuliwa. Kumbukumbu iliyo hatarini zaidi imo vichwani mwa watu: kijana aliyekuwa na miaka 20 bandari ilipokamilika alizaliwa mwaka 1934, naye leo amevuka miaka tisini. Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na ya baadaye hungoja tamko la waziri.

Kwingineko, vitu vyepesi kuliko reli vimehifadhiwa. Leap-The-Dips, gari la mbao la kupanda na kushuka (roller coaster) lililojengwa mwaka 1902 katika bustani ya michezo mjini Altoona, Marekani, lilifungwa 1985 likaachwa kuoza. Mwaka 1996 lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na 1999 likaanza tena kubeba watu. Huko Margate, Uingereza, gari la mbao la mwaka 1920 katika bustani ya Dreamland liliungua mwaka 2008, likajengwa upya na kufunguliwa 2015. Waingereza wametunza mchezo wa watoto wao. Reli ya mradi wao, iliyojengwa na mikono ya Watanzania, haina hata kibao.

Umuhimu wa jambo hili si wa kihisia. Serikali imekuwa ikipanga reli mpya ya takriban kilomita 1,000 kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Mzigo unaotarajiwa zaidi ni makaa ya mawe na chuma kutoka migodi ya huko, ambayo maendeleo yake yamesuasua kwa miaka mingi. Kutanguliza reli na bandari kabla ya shehena kuwa na uhakika ndilo kosa la 1947, na kung'oa reli kabla ya kuangalia mazao yanayochipuka ndilo kosa la 1962. Kusini imelipia masomo hayo mawili kwa gharama kubwa, na isipoyahifadhi itayalipia tena.

Kazi yenyewe ni ndogo. Manispaa ya Mtwara-Mikindani na halmashauri za Lindi, Nachingwea na Masasi zichore ramani ya tuta la zamani na kuweka vibao kwenye stesheni zilizotoweka. Shule za sekondari ziwape wanafunzi wa historia kazi ya kurekodi sauti za wazee. Nyaraka za reli zilizopo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa zinakiliwe na kuwekwa Mtwara. Waziri mwenye dhamana atumie mamlaka aliyonayo kisheria kulinda angalau kipande kimoja cha njia. Hakuna katika hayo kinachodai treni irudishwe.